Mjanja wa Fani Mbili Anapokwama: Dalili, Chanzo na Tiba

Mezani kwetu Sinza, tunapocheza mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, malalamiko ya kwanza huja kati ya mwezi wa pili na wa tatu wa kampeni, yaani hadithi moja inayoendelezwa kikao baada ya kikao. Mchezaji aliyekuja na mhusika mjanja, mwizi wa usiku mwenye upanga mwembamba na mkungu wa funguo bandia, ambaye njiani alimchanganyia upiganaji au uchawi kidogo, huweka dadu chini na kusema kwamba mhusika wake hafanyi kazi. Kauli hiyo haimsaidii mtu, sawa na kumpelekea fundi gari na kumwambia kwamba gari linaumwa. Fundi atauliza linaumwa wapi, lilianza lini, na kabla ya hapo liliguswa na nani. Mwongozo huu unafuata maswali hayo hayo, kwa ajili ya wanaocheza Dungeons & Dragons toleo la tano.

Maneno ninayotumia ni yale tuliyoyazoea. Fani ni kazi ya mhusika, na ngazi ni hatua anazopanda katika fani hiyo. Shujaa wa nyikani anayepigana kwa ghadhabu tunamwita mbogo, kwa kuwa tafsiri ya moja kwa moja ya jina lake ni tusi ambalo hakuna anayetaka kuitwa mezani, hata kwa mchezo. Aliyepata uwezo wake kwa kufunga mkataba na kiumbe cha ulimwengu mwingine tunamwita mfuga jini, jina ambalo mtu wa Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa.

Chanzo kimoja kimejificha nyuma ya dalili nyingi zitakazofuata, na ni afadhali nikitaje mapema. Mchezaji alichora mpango mzuri wa ngazi 20, ilhali mchezo wake utaishia ngazi ya saba au ya nane. Sisi hukutana Jumamosi mbili kwa mwezi, na kampeni mbili tulizowahi kuzimaliza ziliishia ngazi ya nane. Mhusika ambaye uzuri wake unaanza ngazi ya tisa, kwa meza kama yetu, ni mhusika ambaye hatazaliwa.

Dalili: hesabu za wachezaji wawili hazilingani

Hili litazamwe kwanza kwa sababu huiga magonjwa mengine yote. Kanuni za toleo la tano zilitoka mwaka 2014, zikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2024, na nakala za pande zote mbili zinazunguka kwenye simu za watu. Tangu Januari 2023 sehemu ya msingi ya kanuni za zamani imekuwa huru kutumiwa na yeyote chini ya leseni ya Creative Commons, nayo ndiyo ambayo wengi wetu tumejifunzia. Nakala hiyo ya bure, hata hivyo, ina tawi moja tu, yaani njia moja ya kubobea, kwa kila fani. Kwa mjanja ni lile la mwizi, wala hutamkuta humo mjanja anayetumia uchawi.

Tofauti inayomgusa zaidi mjanja ni kipaji cha uhakika, kile kinachofanya dadu ya pande 20 ikitoa tisa au chini ihesabiwe kuwa kumi katika stadi alizozimudu. Mwaka 2014 kilikaa ngazi ya 11. Mwaka 2024 kimeshushwa hadi ngazi ya saba. Mpango uliokuwa wa busara kwa kanuni za kwanza, wa kuacha ujanja kwenye ngazi ya tano au ya sita, unakuwa wa hasara kwa kanuni za pili. Vilevile, katika kanuni za 2014 kuchanganya fani ni hiari ya msimamizi wa mchezo, yule anayeiongoza hadithi na kuamua kanuni. Muulize kabla hujanunua hata penseli.

Dalili: mapigo yamedumaa

Mchezaji husema kwamba wenzake wanaangusha maadui na yeye bado anakwaruza. Tenganisha mambo mawili kabla ya kutoa dawa: je, pigo la kuvizia, lile la mjanja lenye madhara ya ziada, linatokea lakini ni dogo, au halitokei kabisa? Hayo ni maradhi mawili tofauti, na nimewahi kuona mtu akitibiwa lisilo lake kwa miezi.

Tuanze na udogo. Pigo la kuvizia huongeza dadu moja ya pande sita katika ngazi ya kwanza ya ujanja, mbili katika ya tatu, tatu katika ya tano, na kuendelea hivyo hadi dadu kumi katika ngazi ya 19. Zinazohesabiwa ni ngazi za ujanja pekee. Chukua wajanja wawili wa ngazi ya tano kwa jumla, wote walioanza na alama 16 za wepesi, mojawapo ya sifa za mhusika. Wa kwanza hakuchanganya chochote: ngazi ya nne ilimpandishia wepesi hadi 18, upanga wake mwembamba hutoa wastani wa 4.5, wepesi unaongeza 4, na dadu tatu za kuvizia zinaongeza 10.5, hivyo kila pigo linalompata adui lina wastani wa 19. Wa pili ana ngazi tatu za ujanja na mbili za upiganaji. Wepesi wake bado ni 16, kwa sababu nyongeza ya alama hutolewa kwa ngazi ya fani wala si kwa jumla ya ngazi, na yeye hajafikisha nne katika fani yoyote. Anapata 4.5 za upanga, 3 za wepesi na 7 za kuvizia; akiwa alichagua mtindo wa kupigana kwa silaha moja, anaongezewa 2, jumla 16.5. Tena, kwa kuwa wepesi wake ni mdogo, hukosa mara nyingi zaidi.

Atajitetea kwamba ngazi ya pili ya upiganaji imempa tendo la pili katika zamu moja. Ni kweli, lakini hulipata mara moja tu hadi apumzike, na pigo la kuvizia ni moja kwa kila zamu. Pigo lake la nyongeza, ikiwa la kwanza lilishapata, huleta 9.5 na si zaidi. Thamani yake halisi ni bima: likikosa la kwanza, la pili linabeba dadu za kuvizia. Bima ni kitu kizuri, ila ijulikane kwamba ndicho kilichonunuliwa.

Na bei yake hii hapa. Mjanja asiyechanganya hufika ngazi ya tano ya ujanja kwa pointi 6,500 za uzoefu. Aliyeazima ngazi mbili hufika hapo akiwa ngazi ya saba kwa jumla, yaani kwa pointi 23,000. Katika pengo hilo lote hana dadu ya tatu, wala hana ule uwezo wa kupunguza nusu ya madhara ya pigo la adui anayemwona. Kwa meza inayokutana mara mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi kadhaa ya kumtazama mwenzako akifanya kile ambacho ulikuja kukifanya wewe.

Tiba ninayoipendekeza ni kubaki kwenye ujanja hadi ngazi ya tano kabla ya kuazima chochote, na kwa kanuni za 2024 kuvumilia hadi ya saba. Anayetaka upiganaji kwa dhati afuate njia ya pili: apande upiganaji hadi ngazi ya tano apate mapigo mawili katika tendo moja, kisha ndipo aongeze ujanja. Mapigo mawili kwa kila zamu ni nafasi mbili za kuvizia, kila zamu, bila kungoja mapumziko. Njia inayoumiza kuliko zote ni ya katikati, nne kwa nne, ambapo mtu amesimama kwenye vizingiti vya nyumba mbili na mvua inamnyeshea. Isitoshe, mapigo mawili ya fani moja hayajumlishwi na ya fani nyingine: mpiganaji wa ngazi ya tano akiongeza umbogo wa ngazi ya tano bado anapiga mara mbili.

Dalili: pigo la kuvizia halitokei

Hapa chanzo huwa ni silaha, nafasi au hasara.

Silaha ni rahisi kukagua. Pigo la kuvizia linataka silaha ya mkono wa ustadi, kama jambia au upanga mwembamba, au silaha ya masafa kama upinde. Mara tu mjanja anapochukua ngazi ya upiganaji, milango ya mashoka na mapanga makubwa inafunguka, naye huingia kama mtoto aliyepewa fedha Kariakoo. Shoka la mikono miwili halivizii.

Nafasi ndiyo yenye ubishi. Kanuni inataka mjanja awe na faida, yaani arushe dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa. Au, ikiwa hana faida wala hasara (hasara ni kurusha mbili na kuchukua ndogo), awepo adui mwingine wa huyo anayepigwa, mwenye fahamu zake, ndani ya futi tano kutoka kwa anayepigwa. Sisi huchezea karatasi ya manila iliyochorwa miraba, kila mraba futi tano, na vizibo vya soda ndio watu. Jumamosi moja umeme ulikatika, tukaendelea kwa tochi ya simu. Mjanja wetu, kizibo chekundu, alikuwa bega kwa bega na jitu. Mpiganaji, kizibo cha kijani, alionekana yuko upande wa pili. Mchezaji alikwisha kukusanya dadu zake zote kiganjani. Tulipoinamisha tochi na kuhesabu, kati ya kijani na jitu palikuwa na mraba mmoja mtupu. Futi kumi. Dadu za kuvizia zilirudi mfukoni, na ukimya uliofuata haukuwa wa giza peke yake. Tiba yake haikuhitaji fani ya pili: tangu siku hiyo mjanja huzungumza na mpiganaji kabla ya zamu, si baada yake.

Hasara ni mwizi asiyeonekana. Mjanja aliyechanganya uwindaji kwa ajili ya upinde hupiga akiwa na adui pembeni yake, na kupiga kwa silaha ya masafa ukiwa na adui mwenye uwezo wa kupigana ndani ya futi tano huleta hasara. Hasara ikishaingia peke yake, hata rafiki aliyembana adui hawezi kuokoa pigo la kuvizia. Faida na hasara zikikutana hufutana, na hapo rafiki aliye karibu anatosha tena. Wachezaji wengi hawaijui nusu hii ya pili ya kanuni, nao hujinyima haki yao.

Dalili: kila zamu naacha kitu

Mhusika ana vipaji vingi kwenye karatasi, lakini kila zamu anatumia kimoja na kubaki akivitazama vingine. Chanzo ni tendo la ziada, ambalo kila mhusika analo moja tu kwa zamu, na ambalo kila fani inadhani ni lake. Mjanja wa ngazi ya pili hulitumia kukimbia, kujinasua au kujificha. Jambia la mkono wa pili linalitaka hilo hilo. Uchawi wa mwindaji wa kutia alama mawindo, ule unaoongeza dadu ya pande sita, unalitaka unapoanza na tena unapohamishwa kwa adui mwingine. Laana ya mfuga jini hali kadhalika. Ghadhabu za mbogo pia, na hata ile pumzi ya pili ya mpiganaji ya kujirudishia afya.

Kabla ya kuchagua fani ya pili, chukua daftari, chora safu tatu, uandike tendo, tendo la ziada na tendo la kujibu (lile unalofanya nje ya zamu yako, kwa kujibu alichofanya mwingine), kisha ujaze zamu tatu za kwanza za vita vya kawaida. Mchezaji mmoja wa kwetu alifanya hivyo kwa mjanja-mwindaji wa majambia mawili na akagundua kwamba zamu ya kwanza ni ya alama, ya pili ni ya jambia la pili, na ya tatu, akiwa ameumia, ni ya kujinasua. Kujificha, ambako ndiko kulimvutia kwenye ujanja, hakukuwa na zamu. Alibaki na upinde, akaacha jambia la pili, na mhusika akapona. Wanaotumia kanuni za 2024 wana nafuu kidogo, kwani ustadi wa silaha nyepesi kama jambia huruhusu pigo la mkono wa pili kuingizwa ndani ya tendo lenyewe, na tendo la ziada likabaki huru.

Dalili: ghadhabu hazimsaidii mjanja-mbogo

Mchanganyiko huu hudharauliwa na wengi, na mimi nauona kuwa bora kuliko wote ukipangwa vizuri. Unaharibika kwa kosa moja: mchezaji anaendelea kupiga kwa wepesi. Nyongeza ya madhara ya ghadhabu, pamoja na lile shambulio la kujitoa mhanga la ngazi ya pili ya umbogo linaloleta faida, vyote vinataka pigo litumie nguvu.

Kanuni ya kuvizia inataka aina ya silaha, lakini haisemi popote kwamba pigo litumie wepesi. Upanga mwembamba unaweza kupigwa kwa nguvu. Mjanja-mbogo mwenye nguvu nyingi na upanga mwembamba hujipa faida mwenyewe kila zamu, hivyo anavizia hata akiwa peke yake na adui, mchana kweupe. Gharama ni kwamba maadui nao wanapata faida dhidi yake hadi zamu yake ijayo, jambo ambalo ghadhabu hulipunguza makali kwa kugawa nusu madhara ya mapigo ya kawaida.

Dalili: mlango wa fani ya pili umefungwa

Ni kosa la siku ya kwanza linaloonekana siku ya kumi. Kuingia fani ya pili kunataka alama 13 katika sifa kuu za fani zote mbili, ile unayoitoka na ile unayoiendea: mjanja wepesi, mbogo nguvu, mfuga jini mvuto, mwanazuoni wa uchawi akili, mwindaji wepesi na busara pamoja. Kwa pointi 27 za kununulia sifa, mjanja-mfuga jini anaweza kupangwa hivi kabla ya nyongeza nyingine: wepesi 15 kwa pointi 9, uimara 14 kwa 7, mvuto 13 kwa 5, busara 12 kwa 4, akili 10 kwa 2, na nguvu 8 bure. Hakuna hata pointi moja iliyobaki, na ndivyo inavyotakiwa. Anayependa fani tatu ajaribu hesabu hiyo kwanza; mara nyingi uimara ndio unaotolewa kafara, na mjanja asiye na uimara huwa maiti mwenye stadi nyingi.

Mpangilio wa kuanza nao haurekebishiki baadaye. Aliyeanza mjanja ana stadi nne. Aliyeanza fani nyingine akaingia ujanja baadaye hupewa moja. Aliyeanza mpiganaji ana afya 10 za mwanzo badala ya 8, ana kinga ya uimara, na anaruhusiwa deraya nzito, ambayo anayeingia upiganaji baadaye haipati. Kwa mjanja, deraya nzito ni kelele tu, kwa hiyo mimi huanza na ujanja.

Dalili: nafasi za uchawi zipo, uchawi haupo

Mjanja wa tawi la uchawi aliyeongeza uanazuoni huona nafasi za daraja la tatu kwenye jedwali, yaani mara anazoweza kutumia uchawi wa daraja hilo kabla ya kupumzika, na kufurahi. Nafasi hupatikana kwa kujumlisha theluthi ya ngazi zake za ujanja, bila sehemu inayobaki, na ngazi zote za uanazuoni. Ngazi sita za ujanja na nne za uanazuoni zinampa hesabu ya sita, yenye nafasi nne za daraja la kwanza, tatu za pili na tatu za tatu. Lakini uchawi anaoweza kujifunza hupimwa kwa kila fani peke yake, na mwanazuoni wa ngazi ya nne hapiti daraja la pili. Nafasi za juu zitatumika kuukuza uchawi wa chini, basi. Nafasi za mfuga jini haziingii kabisa katika jumla hiyo. Zinakaa upande wake na kurudi kwa mapumziko mafupi.

Dalili: tendo la kujibu linalala

Pigo la kuvizia ni moja kwa zamu, na zamu ya adui ni zamu nyingine. Mjanja anayempiga adui anayemkimbia anaweza kuvizia tena kabla zamu yake haijarudi, mradi masharti yametimia. Hapa ndipo ngazi tatu za upiganaji, kwa tawi la mabingwa wa mbinu, zinapolipa deni lake: mbinu ya kujibu pigo lililokosa humruhusu mjanja, adui akimkosa kwa silaha ya mkono, kumrudishia papo hapo kwa dadu zote za kuvizia. Ila tendo la kujibu nalo ni moja kwa mzunguko, na ukilitumia hivyo huna la kupunguzia madhara ya pigo linalofuata. Mjanja wa ngazi tano za ujanja kwa tatu za upiganaji akiwa na afya ya kutosha, mimi humshauri ajibu. Akiwa amebakiwa na afya chini ya 15, ajikinge.

Mhusika ambaye ameshaharibika

Kanuni hazina njia ya kawaida ya kurudisha ngazi za fani ulizokwisha kuchukua, hivyo mazungumzo ni na msimamizi. Mpelekee kitu mahususi: ngazi gani unaomba kubadilishiwa, na nini utakipoteza kwa kubadilishiwa. Mimi nikiwa msimamizi nimekubali maombi ya namna hiyo kila yalipokuja kabla ya ngazi ya tano, mara mbili kwa sharti kwamba mhusika atumie majuma kadhaa ya hadithi akijifunza upya kwa mwalimu. Baada ya hapo nimekuwa mgumu zaidi, na badala yake nimempa mchezaji ngazi inayofuata kama fursa: ikiwa yuko tatu kwa mbili, ngazi ya sita na ya saba ziende zote kwenye ujanja, dadu ya tatu ipatikane, na mpango wa ngazi 20 ukunjwe uwekwe chini ya bakuli la kashata.